Hisabati haijakamilika, na wanafunzi nao huiongezea

Wengi huamini kwamba hisabati ilikamilika zamani, na kazi ya mwanafunzi ni kukariri kanuni tu. Si kweli. Maswali yasiyo na jibu bado ni mengi, na baadhi yamejibiwa na watu waliokuwa masomoni.

Mwaka 2018 Lisa Piccirillo, akisomea uzamivu nchini Marekani, alitatua swali lililowashinda wataalamu kwa takribani miaka 50: je, fundo la Conway (kitanzi cha kamba iliyofungwa kisha ncha zake zikaunganishwa, kilichopewa jina la mwanahisabati John Conway) linaweza kuwa ukingo wa kisahani laini katika nafasi ya vipimo vinne? Alibuni fundo jingine lenye uhusiano wa karibu na lile, akalichunguza hilo, akathibitisha kwamba haiwezekani. Ubunifu huo ndio utafiti wenyewe, na kwangu unapendeza kuliko hesabu yoyote ndefu.

Nchini India, mwaka 2002, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, waliokuwa wametoka tu kumaliza shahada ya kwanza, walishirikiana na mwalimu wao Manindra Agrawal kuthibitisha kwamba namba tasa zinaweza kutambuliwa kwa uhakika bila hatua za hesabu kuongezeka kupita kiasi namba inapokuwa ndefu. Namba hizo zilichunguzwa karne nyingi kwa uzuri wake tu. Leo husaidia kulinda siri za mawasiliano ya intaneti.