Mhakiki wa fasihi hapimwi kwa idadi ya marejeleo pekee

Msomi wa fasihi ya Kiswahili akiomba kupandishwa cheo, siku hizi swali halikawii: kazi zako zimerejelewa mara ngapi? Ni swali halali. Kinachoniumiza ni dhana zinazoandamana nalo.

Dhana: asilimia 98 ya makala za fasihi hazirejelewi na yeyote

Takwimu hii ina chanzo. Mwaka 1991 jarida la Science liliandika kwamba asilimia 98 ya machapisho ya sanaa na insia (taaluma kama fasihi, historia na falsafa) yalikuwa hayajarejelewa hata mara moja miaka michache baada ya kutoka. Habari ikasambaa, na hadi leo inatumiwa kuwabeza wahakiki. Ufafanuzi uliofuata mwaka huohuo haukusambaa. David Pendlebury, wa taasisi ileile iliyotoa takwimu hizo, alieleza kwamba hesabu ilichanganya makala za utafiti na vitu vingine: mapitio ya vitabu, tahariri, barua, ikisiri za mikutano. Majarida ya fasihi yamejaa mapitio ya vitabu, na mapitio huandikwa ili msomaji ajue kitabu kipya kinasema nini. Hakuna anayetarajia yarejelewe.

Tena kanzidata ya taasisi hiyo ilisoma marejeleo yaliyomo majaridani, ilhali wahakiki hujibizana zaidi vitabuni. Na hiyo miaka michache haitoshi: anayeandika leo kuhusu ushairi wa Kiswahili bado anarejea hoja za miaka ya 1970, wala hazijachakaa.

Dhana: alama ya h ikiwa kubwa, msomi ni mkubwa

Alama hii aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Mwenye h ya 10 ana kazi 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10. Sasa mchukue mhakiki mwenye kitabu kimoja kilichorejelewa mara 500 na makala mbili. Hata afanyeje, h yake haivuki 3. Mwanafizikia huandika makala nyingi akiwa na wenzake. Mhakiki huweza kukaa miaka peke yake na diwani moja. Mwandishi Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na wahakiki wangali wanajadiliana na falsafa iliyomo. Katika alama ya h tasnifu hiyo ni kazi moja tu, hata ikirejelewa mara elfu.

Dhana: Google Scholar imeona kila kitu

Huduma hii ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma na kuhesabu marejeleo yake huona kilichopo mtandaoni na kinachosomeka na mashine. Makala iliyobaki kwenye karatasi katika toleo la zamani la Mulika au la Kiswahili, majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haiwezi kusomwa nayo, na kazi zilizorejelewa ndani yake zinakosa hesabu hiyo.

Majina nayo yanaponza. Mwandishi wa Zanzibar aliyefundisha Bayreuth, Ujerumani, riwaya zake zimetoka kwa jina la Said Ahmed Mohamed, na makala zake za kitaaluma kwa jina la Said A. M. Khamis. Sisi tunamjua kuwa mtu mmoja. Mashine, isiporekebishwa na mtu, inaona wawili na kuwagawia marejeleo. Anayemhukumu kwa namba bila kujua hili amemdhulumu.

Dhana: kurejelewa ni kusifiwa

Katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko, walioandika mashairi huru, walitajana sana, na walitajana ili wapingane. Aidha, orodha za Eugene Garfield, mwanzilishi wa taasisi ile iliyohesabu marejeleo, za waliorejelewa zaidi katika sanaa na insia ziliwaweka juu Marx, Lenin na Shakespeare, watu ambao mara nyingi maandishi yao ndiyo yaliyokuwa yakichunguzwa.

Sisemi hesabu zitupwe. Zinaweza kuonyesha kazi iliyofika mbali kuliko tulivyodhani. Lakini Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni 10 za kupima utafiti, inataka katika kanuni ya tatu ubora wa utafiti wenye maana kwa mahali pake ulindwe, ukiwemo ule usioandikwa kwa Kiingereza. Kwetu hilo linawezekana bila gharama kubwa: kamati iombe kazi tatu au nne ambazo mwombaji mwenyewe anazithamini zaidi, iwapelekee wasomaji wa nje wanaokijua Kiswahili barabara, na iwape muda wa kuzisoma.