Chaja Imechomekwa na Betri Bado Inashuka

Dada mmoja wa mtaa wa Tudor, Mombasa, aliniletea laptopu yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, betri imekufa. Nachomeka asubuhi, kufika adhuhuri nimebaki na asilimia ishirini." Kazi yake ni kuhariri video za harusi, na alikuwa tayari ameulizia bei ya betri mpya. Nikaipima betri: nzima kabisa. Nikamwambia, "Hebu nionyeshe unavyochaji ukiwa nyumbani." Akatoa chaja ya matundu mawili, akachomeka laptopu tundu moja na simu tundu la pili. Nikaona hapo hapo.

Chaja ile imeandikwa wati 65, lakini hiyo ni jumla. Simu ikiingia, chaja nyingi za aina hiyo hugawa umeme: laptopu hubakiwa na wati 45 hivi, simu ikapewa zilizosalia. Nayo laptopu yake, inapotoa video, hula wati 55. Arubaini na tano zinaingia, hamsini na tano zinatoka, na zile kumi zinazopelea huchotwa kwenye betri. Betri ya wati-saa 50, yaani inayoweza kutoa wati 50 kwa saa moja, itamalizwa kwa saa tano tu, na waya umechomekwa muda wote. Ni kama pipa la maji hapa kwetu: ukichota kwa ndoo huku bomba linatiririka kama uzi, usilaumu pipa.

Hilo ndilo ninalotaka kila mwenye laptopu alifahamu. Umeme wa chaja hulisha kwanza kazi unayoifanya, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye betri. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni hili: laptopu yangu inakula wati ngapi nikiwa kazini? Kuandika barua na kusoma mtandaoni ni wati 10 hadi 15 kwa mashine nyingi ndogo. Kuhariri video huzidi mara tatu au nne. Zile za michezo zenye kadi kubwa ya picha huweza kupita 150, na hizo hazina mjadala, zitafutiwe chaja yake hasa.

Wati unazipata mwenyewe. Geuza chaja, tafuta maandishi ya umeme unaotoka, zidisha volti kwa ampea. Volti 20 kwa ampea 3.25 ni wati 65. Volti 19.5 kwa ampea 4.62 ni wati 90. Kwa chaja za pini ya duara, volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na alama ya chanya na hasi iwe ile ile. Ampea zikizidi hakuna ubaya. Wateja wengi huogopa kwamba ampea nyingi zitaunguza mashine. Sivyo, laptopu huvuta kiasi inachohitaji. Kinachounguza ni volti zisizo zake. Kuna pia laptopu ambazo hutambua chaja yake kwa waya mwembamba wa katikati ya pini. Ukiipa ya kigeni itawaka, lakini betri haitajaa na mashine itakuwa nzito. Nimeletewa kadhaa za namna hiyo, mwenyewe akiamini ameingiliwa na virusi.

Kwa USB-C mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa chaja na laptopu huelewana zenyewe: kwa kawaida volti 5, 9, 15 au 20. Shida hujificha kwenye waya. Waya wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, hata ukiuchomeka kwenye chaja ya 100. Kupita hapo unahitaji waya wa ampea 5, wenye chipu ndogo ndani ya kichwa chake. Tangu 2021 kiwango cha kuchaji kwa USB-C kinaruhusu hadi wati 240, lakini ni lazima chaja, waya na laptopu vyote vitatu viwe vya kuwezana. Chaja ya simu ya wati 20? Baadhi ya laptopu huikataa, na nyingine huikubali ikajaza polepole mkiwa mmelala.

Stima zinapopotea, watu hukimbilia pawabanki. Usidanganywe na namba kubwa. Ile ya mAh 20,000 ina volti 3.7 ndani, kwa hiyo ni wati-saa 74, na baada ya umeme kupotea katika kubadilishwa volti utabaki na 60 hivi. Kwa kazi ya wati 20 ni saa tatu. Angalia pia tundu lake linatoa wati ngapi, maana nyingi ni za simu tu. Mwenye betri ya gari na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ana nafasi zaidi: volti 12 kwa ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, nayo inveta hula chake. Mimi hupendelea chaja ya volti 12 inayotoka moja kwa moja kwenye betri hadi USB-C, kwa sababu hupotezi umeme kwa kuupandisha hadi volti 240 kisha kuushusha tena.

Na joto letu la kaskazi pia lihesabiwe. Chaja iliyolemewa huchemka, na laptopu iliyowekwa juu ya godoro hujifunika pumzi. Ikichemka sana hupunguza kuchaji ili kuilinda betri, nawe utadhani chaja imeharibika. Iweke mezani, fungua dirisha, kisha upime tena.

Yule dada hakununua betri. Alinunua chaja ya wati 100 pamoja na waya wa ampea 5, na simu akaitafutia chaja yake.