Viungo vinauma: je, tezi zimechoka? Ni zebaki? Ni baridi?

"Tezi zako za adrenali zimechoka." Siku hizi maneno haya yanazunguka kwenye simu kama salamu za asubuhi. Mtu magoti yanamuuma, anaamka kachoka kuliko alivyolala, mara anatumiwa video inayomweleza kila kitu. Mwisho wa video kuna chupa ya virutubisho na namba ya kulipia.

Tezi hizo ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia, na moja ya kazi zake ni kutengeneza homoni ya kortisoli. Habari ya kwamba "huchoka" kwa msongo wa mawazo ilianza kuvuma mwaka 1998, na aliyeipa jina, James Wilson wa Marekani, alikuwa mtaalamu wa kunyoosha uti wa mgongo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 zilizohusu jambo hilo, wakahitimisha kuwa ugonjwa huo haupo. Uchovu wa mgonjwa upo, tena unaweza kuwa wa upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo au sonona. Ila ukishaambiwa tezi zimechoka, nani atakumbuka kukupima damu?

Tezi za adrenali kweli huweza kushindwa kazi. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na wakati ule kifua kikuu kilikuwa sababu kubwa. Kifua kikuu hatujaachana nacho. Mgonjwa hukonda, shinikizo la damu hushuka, hutamani chumvi, ngozi na fizi huwa nyeusi kuliko kawaida, na ndiyo, misuli na viungo huweza kuuma. Lakini ugonjwa huu hupimwa kwa damu, na hutibiwa kwa kumpa mtu homoni anayoikosa. Chupa ya virutubisho haina msaada hapo.

Sasa nije kwenye linaloniuma mimi. Bibi anafika kliniki akiwa na bahasha ndogo ya karatasi. Juu imeandikwa kwa kalamu "1x3", basi. Hakuna jina la dawa. Ndani mna vidonge vidogo vyeupe. Anasema ni "dawa ya viungo", ameitumia tangu mwaka jana na alikuwa anacheza ngoma. Uso umejaa, mashavu ya duara, mikono na miguu imekonda. Mara nyingi vidonge vya namna hii ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, zinazofanya kazi kama kortisoli. Kuna hata dawa zinazouzwa kama mitishamba ambazo zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa na steroidi hizohizo.

Zinafanya kazi, wala siwezi kukataa. Tatizo ni kwamba mwili ukiletewa kortisoli ya dukani kila siku, kwa wiki kadhaa mfululizo, tezi zenyewe husinzia. Siku bahasha inapokwisha na hela hakuna, tezi haziamki mara moja. Viungo vinauma kuliko mwanzo, mwili unalegea, kichefuchefu, kizunguzungu. Bibi anaona ugonjwa umerudi kwa hasira, anakopa, ananunua tena. Kumbe hapo ndipo adrenali zinapohusika na viungo! Steroidi za muda mrefu pia hudhoofisha mifupa na huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga. Na usizikatishe ghafla kwa kuogopa haya niliyoandika. Daktari hupunguza dozi kidogokidogo.

"Basi ni zebaki." Hili nalisikia zaidi kwa watu wa machimbo ya dhahabu, Geita na kwingineko. Wana haki ya kuiogopa. Kwenye kuchenjua, zebaki huchanganywa na mchanga wa dhahabu, hukamuliwa kwenye kitambaa, kisha donge huchomwa, na mvuke ule huvutwa na mchomaji, wakati mwingine na mtoto aliyeketi pembeni. Lakini zebaki hushambulia zaidi neva na figo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huwa za karibu, fizi huvimba, ganzi huingia vidoleni. Ganzi hiyo watu huiita maumivu ya viungo. Ukimkuta mchimbaji ana magoti mabovu, muulize kwanza amebeba viroba vya mawe kwa miaka mingapi.

Na si machimboni tu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo waliokuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Krimu za aina hiyo bado zinakamatwa sokoni. Ukivimba uso na miguu nawe unapaka, mwambie daktari jina la krimu bila haya. Kipimo cha mkojo kipo. Ile "risasi" nyeusi ya kuzibia meno, yaani amalgamu, ina zebaki karibu nusu ya uzito wake, lakini hakuna ushahidi kwamba meno yaliyozibwa hivyo yanaleta ugonjwa wa viungo. Usiende kuyang'oa.

"Ni baridi." Hapa lugha yetu ndiyo iliyotuponza, maana ugonjwa wenyewe tumeuita baridi yabisi. Unapata watu wa Mombasa kwenye joto lile lile. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Dalili yake ni vidole vya mikono yote miwili kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima. Baridi huongeza maumivu kwa baadhi ya watu, haileti ugonjwa.

Jongo nalo si la matajiri tu. Ni chembe za asidi ya yuriki, taka ya mwili, zinazoganda ndani ya kiungo; usiku kidole gumba cha mguu huwaka hata shuka likikigusa.

Homa ikikuacha umepinda kwa maumivu, fikiria chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina ni la Kimakonde, la kitu kinachopinda. Viungo huweza kuuma miezi kadhaa baada ya homa kupoa.

Goti moja likivimba ghafla, likawa la moto, na mwili una homa, hasa kwa mtoto, usisubiri kesho. Usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache. Na ukienda, beba ile bahasha ya "1x3", hata kama imebaki tupu.