Mzee mwenye dimensia na simu ya video: maswali ninayoulizwa kila kliniki

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya sukari na presha, Tanga. Wagonjwa wetu wengi ni watu wazima sana, na watoto wao wametawanyika: Dar, Muscat, London. Maswali haya yanarudi kila wiki, mengine yakiulizwa kwa spika ya simu huku mgonjwa mwenyewe amekaa mbele yangu.

Dimensia ni nini? Si uzee tu?

Ni ubongo kudhoofika kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, mpaka mtu anapoteza kumbukumbu, maneno na uwezo wa kujihudumia. Inayoongoza ni ile ya Alzheimer. Nyingine nyingi zinatokana na mishipa ya damu kichwani, na hapo presha isiyotibiwa ina mkono wake.

Si uzee tu. Bibi aliyesahau chumvi kwenye mchuzi amezeeka. Bibi aliyepika pilau miaka 50, leo anasimama mbele ya sufuria hajui kinachofuata, huyo anaumwa. Utafiti uliofanywa vijiji vya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Ingekuwa uzee tu, hao wengine wote mbona hawana? Na si uchawi. Mzee aliyekutwa usiku kwenye mlango wa jirani amepotea njia, hajaenda kuwanga.

Tunaongea naye kwa video kila Ijumaa, mbona kwetu anaonekana mzima?

Kwa sababu mnaongea dakika tano, na zote ni za salamu. Salamu zimekaa ndani sana, zinachelewa kutoka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Watoto wazima?" Hebu angalieni: hapo hajataja jina hata moja.

Bibi mmoja alijibu hivyo mbele yangu, kwa ufasaha na kicheko juu. Simu ilipokatwa akanigeukia: "Yule alikuwa nani?" Na mwanawe alikuwa ameshatoa hukumu kwamba mama hana neno, dada anayemlea anatia chumvi.

Simu ni ya kumfikia mzee, si ya kumpima. Muulizeni anayelala naye nyumba moja: anakula? Anaoga? Anatembea usiku? Dawa za presha amemeza mara ngapi leo? Mkijibiwa kuna tatizo, aletwe kliniki. Msimbishie mtu aliyeamka naye saa tisa usiku.

Basi tumpigie vipi?

Kwanza acheni ule mchezo wa "Unanijua mimi nani?" Jamani. Mnamtahini mama yenu, akikosa mnacheka au mnalia, naye anabaki na aibu hata akisahau ilikotoka. Jitaje mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi Rehema, mwanao wa pili, niko Muscat."

Piga asubuhi, akishakunywa chai. Jua likianza kuzama wengi huchanganyikiwa zaidi. Apige mmoja, si sura kumi na mbili kwenye kioo kimoja siku ya Idi, kila mtu anapiga kelele. Mwanga ukuangukie usoni. Ukikaa na dirisha mgongoni anaona kivuli kinachoongea. Sema jambo moja, kisha nyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni. Jibu linakuja, linatembea polepole tu.

Huku nyumbani simu iegemezwe kwenye kopo la sukari, na mtu akae pembeni yake. Kama masikio ni mazito, tafuteni spika ndogo, lakini kabla ya spika masikio yaangaliwe. Nimeona waliodhaniwa wamepoteza akili kumbe yamejaa nta. Kutosikia kusikotibiwa kwenyewe kunaongeza hatari ya dimensia.

Msimuulize jana alikula nini. Mwonyesheni kitu. Inua kanga mbele ya kamera asome jina lake. Weka kaswida aliyoisoma madrasa, au taarabu ya ujana wake. Mambo ya zamani hukaa muda mrefu kuliko ya jana. Dakika kumi zinatosha, na akichoka kabla ya hapo, ageni.

Kama anauliza mara ishirini kwa siku "mwanangu amefika salama?", tuma ujumbe wa sauti mmoja, mlezi aupige kila akiuliza. Kijijini hakuna simu janja? Kitochi kinatosha. Sauti anayoijua, saa ileile kila siku, inafanya kazi kubwa.

Anasukuma kikombe cha chai kwenye simu, ati tunywe.

Pokeeni. "Ahsante mama, nimeshiba." Kwake mtu yumo mle ndani, na mgeni hanyimwi chai. Na tafadhali, video hiyo isiende kwenye status. Angekuwa na akili zake asingekubali.

Wengine wanaogopa ile sura ndogo ya pembeni ya kioo: "Nani yule kizee anatuchungulia?" Ni yeye mwenyewe. Bandikeni kipande cha karatasi. Kama video inamwacha analia kila mara, rudini kwenye sauti peke yake.

Tangu juzi hatambui mtu, anaongea na watu wasiokuwepo. Kwenye kundi la familia tumekubaliana tumsubiri kaka afike Jumamosi.

Mpelekeni hospitali leo.

Dimensia haiingii kwa siku mbili. Aliyebadilika ghafla, kwa saa au siku chache, ana kitu kingine mwilini: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari iliyoshuka, kukaukiwa maji, kiharusi, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, hata kama alianguka wiki kadhaa nyuma. Mengi ya haya yanatibika akiwahishwa. Sukari iliyoshuka haisubiri Jumamosi, haisubiri hata jioni.

Nimeshaonyeshwa mjadala wa kundi la namna hiyo. Nani atatoa nauli, nani amezembea, shangazi anataka kisomo kwanza, mwingine ametuma picha ya majani ya mwarobaini. Siku ya nne mzee akaletwa, ulimi umekauka, mkojo rangi ya chai kavu. Kundi la familia si daktari.

Lakini ana dimensia tayari. Si ndiyo imezidi?

Leo. Mwenye dimensia ndiye anayevurugika upesi akipata maambukizi, na ndiye asiyeweza kusema anaumwa wapi.

Hana homa.

Leo. Wazee wengi hawachemki hata maambukizi yakiwa makali. Na mkiona kwenye video mdomo umeenda upande, mkono hauinuki au maneno hayatamkiki, kateni simu mtafute gari.

Usiku halali, duka la dawa wametupa vidonge.

Piriton? Valiamu? Acheni kununua. Dawa hizo zinamchanganya mzee zaidi na kumwangusha njiani kwenda chooni. Nyumba nyingi zinamlewesha mzee usiku, kisha asubuhi zinashangaa hatambui watu. Vidonge vyote anavyotumia vitieni kwenye mfuko, mje navyo.

Saa ya kumfuatilia asipotee ni nzuri?

Nzuri, kama kuna wa kuichaji. Namba ya simu iliyoshonwa ndani ya nguo haihitaji chaji. Na namba ya siri ya pesa za simu iondoeni kwenye kava. Mzee wa dimensia ndiye anayejibu kwa heshima zote ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Siku akiletwa kliniki, sisi tulio mbali tufanye nini?

Hapo ndipo simu inasaidia kweli. Mlezi arekodi kidogo lile linalowatisha, la usiku, maana mbele ya daktari mzee hujikaza. Mmoja wenu, mmoja tu, awe hewani aeleze mzee alikuwaje kabla, lini ilianza, aliwahi kuanguka au la. Wengine tumeni nauli.