Je, wajua kwa nini maonyesho ya ndege hukodi mtangazaji wa kulipwa?

Asubuhi moja nilikuwa Soko la Majengo hapa Dodoma, nabishana na mama mmoja anipunguzie sado ya nyanya, mara ndege ya kivita ikapita. Mlio ulipotufikia, soko zima liliinua vichwa na kutazama kule ulikotokea. Hapakuwa na kitu. Aliyeiona ni mtoto wa yule mama, wa miaka saba hivi, na kidole chake kilikuwa kimeelekea upande mwingine kabisa, wa mtaa wa Kikuyu. "Mama, iko kule!" Tulipogeuka ilishakuwa nukta.

Mtoto hakuwa na macho makali kuliko sisi. Alikuwa tu hajafuata masikio. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa inakata mita 250 kila sekunde, na sauti yenyewe husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ikiwa kilomita moja kutoka ulipo, mlio wake unakufikia baada ya sekunde 3 hivi, na katika sekunde hizo imeshasogea mita 750, yaani viwanja saba vya mpira vikipangwa kwa urefu. Masikio yanakuonyesha ilikokuwa.

Sasa wachukue watu elfu hamsini, uwapange kando ya njia ya kurukia, kisha uwarushie ndege za namna hiyo kutwa nzima. Ndivyo yanavyokuwa maonyesho makubwa ya ndege Marekani na Uingereza. Kama hakuna mtu wa kuwaambia watazame wapi na lini, nusu yao watarudi nyumbani wamesikia kelele tu. Hapo ndipo mtu wa kipaza sauti anapoanza kuihalalisha hela yake. Yeye husema kabla: "Kulia kwenu, chini kabisa, juu ya ile miti." Ndege ikitokea, macho yote yameshafika.

Tena ndege haziletwi karibu. Kanuni za Marekani huweka mstari ambao rubani hapaswi kuuvuka kuja upande wa watu, na kwa ndege za kasi kubwa mstari huo huwa futi 1,500 kutoka kwa watazamaji, kama mita 450. Mbali namna hiyo, asiye mzoefu hawezi kujua kama rubani amelala chali au yuko sawa. Lazima aambiwe.

Swali ninaloulizwa nikieleza haya ni hili: si wamchukue MC yeyote mchangamfu? Hapa kwetu MC wa harusi akifungua na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", ukumbi mzima unaitikia, na kuanzia hapo watu ni wake. Sibezi kipaji hicho. Lakini fikiria moshi. Ndege za maonyesho huacha mkia mweupe wa moshi unaotokana na mafuta mepesi yanayopulizwa kwenye bomba la moshi lenye moto, ili watu waone njia iliyopitwa. MC asiyejua hilo akipiga kelele "Jamani, inaungua!" umati unaweza kuanza kukanyagana kwa jambo ambalo ni mapambo. Kuna pia mchezo ambapo ndege hupanda wima hadi ikaishiwa mwendo, ikasimama angani kama imesahau kazi yake, kisha ikageuza pua na kurudi chini. Mzoefu huwatayarisha watu kwa hilo. Asiye mzoefu hushtuka pamoja nao.

Kwa hiyo kazi huanza mapema. Mtangazaji hudai kutoka kwa kila rubani mpangilio wa michezo yake, mmoja baada ya mwingine, pamoja na muziki atakaorukia na namna jina lake linavyotamkwa. Asubuhi ya siku yenyewe hukaa na marubani kwenye kikao chao cha maelekezo. Wakati wa onyesho huwa na redio inayomwezesha kusikia mazungumzo ya marubani na yule anayeliongoza anga la onyesho, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Mtangazaji haongozi ndege. Anasikiliza ili ajue mabadiliko kabla umati haujayaona.

Wingu nalo humpangia kazi. Vikosi vikubwa vya marubani wa maonyesho huwa na onyesho la aina tatu, la juu, la chini na la bapa, kutegemea wingu limekaa urefu gani. Likishuka mchana, karatasi ya asubuhi haina maana tena, na maneno hubadilika papo hapo. Vikosi hivyo, hata hivyo, huja na mtu wao. Blue Angels wa jeshi la majini la Marekani, walioanza mwaka 1946, humwachia maelezo rubani wao namba 7. Thunderbirds wa jeshi la anga la Marekani humtumia namba 8, na Red Arrows wa jeshi la anga la Uingereza humtumia anayeitwa Red 10. Mtangazaji wa kukodi huwakabidhi kipaza sauti, kisha hukipokea tena, maana saa nyingine zote za siku ni zake: ndege ikienda kugeuza mbali na anga likabaki tupu, mtoto akipotea, jua likiwazidi watu nguvu, mdhamini akitaka jina lake litajwe.

Jambo ambalo wengi hatulifikirii ni maspika. Umati ukijipanga kwa urefu wa kilomita, spika moja haitoshi, na zikiwa nyingi sauti ya ile ya mbali hufika imechelewa ikagongana na ya karibu. Aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara Dodoma wakati wa upepo anajua neno linavyoweza kuondoka na vumbi. Ndiyo maana wazoefu huongea kwa sentensi fupi zenye nafasi katikati. Mafundi wa sauti nao huchelewesha baadhi ya spika kwa makusudi ili maneno yafike pamoja.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo nzito. Tarehe 28 Agosti 1988, kwenye kambi ya Ramstein huko Ujerumani, ndege tatu za kikosi cha Italia ziligongana zikichora umbo la moyo angani, na moja ikaangukia watu. Walikufa 70, marubani watatu wakiwemo. Kwenye dakika kama hiyo, aliyeshika kipaza sauti ndiye pekee anayesikika na wote. Asibahatishe sababu. Asitaje jina. Aelekeze watu watoke wapi, njia ipi iachwe wazi kwa magari ya wagonjwa, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza maji yanauzwa wapi. Maneno hayo huandikwa kabla, hukaa kwenye faili mezani, na mtangazaji huomba yasifunguliwe. Huwezi kumkabidhi faili hilo mtu uliyempata jana.

Huko Marekani waandaaji wengi huwasaka watu hawa Las Vegas, kwenye mkutano wa kila Desemba wa baraza la kimataifa la maonyesho ya ndege, ambako marubani, waandaaji na watangazaji hukutana kupanga msimu unaofuata.

Kwetu nani angefaa? Wa kwanza kunijia akilini ni watangazaji wa mpira wa redioni, lakini wao wamezoea kumsimulia asiyeona, kwa hiyo hawanyamazi. Hapa watu wanaona, na injini ikipita chini wanataka kuisikia. Angelazimika kujifunza kufunga mdomo. Halafu angehitaji maneno. Msalato, nje kidogo ya jiji, kunajengwa uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, na siku onyesho likifanyika pale sitaki kusikia nusu ya michezo ikitajwa kwa Kiingereza. Ndege ikizunguka wima na kurudi pale ilipoanzia, hicho ni kitanzi. Ikijiviringa kama gogo, imebiringita. Ikipita magurudumu juu, imelala chali, na mama wa nyanya wa Majengo ataelewa hapohapo.