Yule mweusi na mweupe pale Sabaki si bata

Kila msimu natumiwa picha watsapu, mwalimu tumeona bata wa bahari huku mdomoni mwa mto Sabaki, karibu na Malindi, na sisi wa makumbusho tunazifurahia sana hizo picha, endeleeni kutuma. Ila bata wa bahari wenyewe, kama wale wanaoitwa eider, kwao ni bahari za baridi, Norway na Iceland huko, Malindi hawafiki. Huyo wenu ni ndege mla kaa, kitaalamu Dromas ardeola, na kwangu mimi huyu ni wa ajabu kuliko bata yeyote.

Anza na mdomo, rangi baadaye. Bata mdomo wake bapa kama mwiko, huyu wake ni mweusi, mnene, umechongoka mithili ya jambia, na kazi yake ni hiyo hiyo, anatembea polepole, anasimama, mara anatimua mbio anamchoma kaa. Miguu mirefu ya kijivu yenye ubuluu, akiruka inapita mkia. Mwili mweupe, mgongoni weusi. Yuko mwingine ana rangi hizo hizo lakini mdomo mwembamba umepinda kwenda juu, huyo sio. Shakwe naye ana miguu mifupi, hamuwezi kukosea.

Ukiona wa kijivu-kijivu anamfuata mkubwa huku analia lia, huyo ni mtoto bado anaomba kulishwa, yaani wamevuka bahari pamoja na mzazi hajamuacha! Wanazaliana huko pwani na visiwa vya Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, wanachimba mashimo mchangani, jike anataga yai moja tu jeupe na joto la mchanga linasaidia kulitamia. Ndege wengine wa ufukweni hawachimbi hivyo. Kwetu wengi wanaingia kuanzia Agosti hivi, Aprili wanarudi.

Kuwaona vizuri nendeni hori ya Mida, Watamu, maji yakianza kujaa, hasa siku za bamvua, yaani zile maji yanapojaa sana, maana maji yanawasukuma karibu na mikoko. Maji makavu wanatawanyika mbali hata darubini haisaidii. Yakishajaa kabisa wanakusanyika sehemu moja kupumzika, hapo tafadhali msiwakaribie na boti wala mbwa, wakirushwa rushwa hapo wanamaliza nguvu zile za safari. Picha ya mbali inatosha, mradi mdomo uonekane.