Draiva Haiongezi Nguvu ya Mota

Swali linarudi kila wiki: "Roboti yangu inatambaa tu. Nina L298N ya ampia 2. Nikinunua draiva ya ampia 43 itakimbia?" Haitakimbia kwa sababu hiyo. Draiva, ile moduli inayokaa kati ya betri na mota na kupitisha umeme kwa amri ya Arduino, haigawi ampia. Mota ndiyo inayovuta, kulingana na volti inayopata na mzigo iliobeba. Namba ya kwenye tangazo ni kikomo cha mkondo unaoweza kupita, sawa na namba ya fyuzi, na hakuna fundi anayetoa fyuzi ya ampia 5 kwenye plagi akaweka ya 13 ili taa iwake zaidi.

Kinachofanya roboti itambae, mara nyingi, ni volti zinazopotelea njiani. L298N imejengwa kwa transista za baipola, teknolojia ya zamani. Mkondo wa mota unapita transista mbili, moja upande wa chanya na moja upande wa hasi, na kila moja inakata chake. Datashiti yenyewe (karatasi ya vipimo ya kiwanda) inasema: kwa ampia 1 upotevu wa jumla ni volti 1.8 hadi 3.2, na kwa ampia 2 unaweza kufika volti 4.9. Chukua betri mbili za lithiamu za 18650 zilizoungwa mfululizo, volti 7.4. Ondoa 2, mota imebaki na 5.4. Wapo wanaoiwasha kwa betri moja ya 3.7, mota inabaki na chini ya volti 2, halafu wanakaa usiku kucha kurekebisha kodi ambayo haina kosa lolote.

Pima mwenyewe. Roboti iwe sakafuni, magurudumu yasizunguke hewani, kwa sababu bila mzigo mota inavuta mkondo mdogo tu. PWM (namba ya kasi kwenye kodi) iwe 255, yaani kasi yote. Mita kwenye volti 20 DC, ncha kwenye skrubu za 12V na GND za moduli, soma. Hamishia ncha kwenye OUT1 na OUT2, skrubu zinazokwenda kwenye mota, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayochemsha lile bati jeusi la kupozea: volti 2 kwa ampia 1 ni wati 2 za joto tupu. Lakini kama namba ya kwanza nayo imeshuka sana mota ilipoanza kusukuma, iache draiva, kagua betri na unene wa waya.

Sasa linganisha na draiva ya DRV8833. Hii ni ya mosfeti, aina mpya zaidi ya transista, na ukinzani wa njia nzima ni kama omu 0.36, kwa hiyo kwa ampia 1 unapoteza volti 0.36 tu. TB6612FNG, draiva nyingine ya mosfeti, inapoteza kama nusu volti. Moduli zote mbili ni ndogo kama stempu na hazina bati la kupozea, na watu huzidharau kwa sababu hiyo hiyo. Bati kubwa si dalili ya nguvu, ni dalili ya joto linalotafuta pa kutokea.

Ukubwa wa draiva unachaguliwa kwa mkondo wa mota iliyokwama, maana kila mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo huo huo kwa kitambo kidogo. Zile mota za njano za plastiki zikikwama kwenye volti 6 zinavuta kama ampia 1.5. Ukiunga mbili kwenye chaneli moja (njia moja ya draiva ya kutolea umeme), kama wanavyofanya kwenye roboti za magurudumu manne, ni ampia 3. L298N imeshapitwa, na TB6612FNG inabeba ampia 1.2 za mfululizo, 3.2 yake ni ya kilele cha muda mfupi sana.

Vitabu vinakwambia pima omu za mota, gawa volti kwa omu, umepata mkondo wa kukwama. Mimi siiamini sana njia hiyo. Ukigeuza shafti kidogo, brashi zinahamia sehemu nyingine na omu zinabadilika, na kwenye omu 2 au 3 hata waya za mita zinaharibu hesabu. Pima mara sita huku ukigeuza shafti, chukua namba ndogo kuliko zote, kisha ongeza nusu ya mkondo uliopata. Na namba zote za datashiti zinachukulia kwamba chipu ni halisi. Nakala ni nyingi sokoni, na kwa macho huzitambui.

Hiyo ya ampia 43 ni BTS7960. Hizo 43 ni mahali chipu inapoanza kujikinga, si mkondo wa kazi. Ukinzani wa njia ni kama omu 0.016: kwa ampia 10 joto ni wati 1.6, linastahimilika, kwa 43 ni karibu wati 30, na hiyo ni kabla ukinzani haujapanda kwa joto. Kwa mota ya waipa ya gari ni chaguo zuri. Kwa mota ya njano ni kupoteza pesa.

Kabla hujasema imeungua, angalia haya: pini ya STBY (ya kuamsha chipu) ya TB6612FNG isipopelekwa chanya, mota haigeuki kabisa. GND ya Arduino na ya draiva lazima ziungwe. Kwenye L298N, ukizidi volti 12 ng'oa jampa (kifuniko kidogo kinachounga pini mbili) ya rigyuleta ya volti 5, kisha ulete volti 5 kutoka nje. Lehemu kapasita ya 100nF moja kwa moja kwenye miguu ya mota, na ya 470µF kwenye njia ya umeme ya draiva.

Na kwa wanaowasha miradi kwa betri ya sola: betri ya "volti 12" ikiwa inachajiwa hufika 14.4. Mwisho wa TB6612FNG ni 15, na mota ikigeuzwa mwelekeo ghafla inaweza kurudisha umeme juu ya hapo. Usiiweke kwenye betri hiyo.